Mia na Thelathini na Mbili

Mashine yetu ya damu ililetwa Uvinza kwa treni,
ndani ya sanduku lililogongwa muhuri wa Korea,
na kitabu cha herufi za miduara na vijiti
ambacho hakuna aliyekisoma, ila ukurasa wa mwisho
wenye Kiingereza kidogo na mstari mmoja wa namba:
kimeng'enya hiki cha ini kisizidi hamsini na tano.

Ntakije Bitulo akatoka na mia na thelathini na mbili.

Mpika chumvi. Mweka hazina wa kwaya.
Mikono yake ina makovu ya maji ya chumvi yanayochemka,
lakini hata soda ya harusini huwaachia watoto.
Daktari wa zamu aliinua macho: "Unakunywa?"
"Sinywi."
"Ini halidanganyi."
Na karatasi, kama karatasi zote hapa, ikafika kanisani kabla yake.

Wakamtenga miezi mitatu. Funguo za sanduku la sadaka
wakampa mtu ambaye vilabu vyote vya lubisi vinamjua.
Mkewe hakusema neno. Kila jioni alinusa shati,
akakuta moshi wa kuni, akakuta chumvi,
na bado akahamia chumba cha watoto.
Hilo ndilo lililomkata maini.
"Nimetumbukia nyongo," aliniambia dirishani,
akacheka peke yake: "Na nyongo si ni jirani wa ini?"

Mimi ndiye niliyemtoa damu.
Mimi ndiye niliyeiandika namba, kwa kalamu ya bluu.
Usiku nikawaza: mstari huu wa hamsini na tano
ulichorwa kwa damu ya nani?
Yuko mtu kule Busan, mpiga pasi labda, au mhasibu,
aliyenyoosha mkono kama Ntakije alivyonyoosha,
wakamhesabu pamoja na maelfu ya wenzake,
wakaona wengine wamezaliwa na namba ndefu:
herufi moja tu imekaa vibaya ndani ya jeni,
kama mtu anayeandika "kura" akimaanisha "kula",
na barua bado inafika.

Nikamwambia: niletee wa tumbo moja.

Walikuja wanne, wakajaza benchi lote.
Bukuru, muuza dagaa: mia na kumi na nane.
Yoranda, mlokole asiyegusa hata chai: mia na ishirini.
Wawili walibaki chini ya mstari,
wakaona haya kana kwamba wamefeli.
Nyuma yao binti yake Ntakije, Zebida, wa darasa la pili,
aliyelia kabla ya sindano na kunyamaza baada yake:
tisini na sita.

Nilimpelekea mchungaji karatasi ile kwa mkono wangu.
"Na huyu," nikauliza, "mtamtenga?"
Akavaa miwani. Akaivua. Akasema maji hufuata mkondo,
kana kwamba mkondo ameuchimba yeye.

Funguo zilirudi. Jina halikurudi;
mpaka leo watoto wa kule chumvini wanamwita Pipa.
Mkewe? Nilimuuliza. Akasema karudi chumbani, tusiulizane.

Kuna jambo moja sijaliandika kwenye daftari.
Siku ile ya Bukuru mashine ilisuasua,
nikaijaribu kwa damu yangu.
Mia na ishirini na sita.
Pombe siijui. Baba pia simjui.
Mama, kabla hajafia Kasulu, alisema tu
kwamba alinuka moshi na chumvi, na kwamba nisimtafute.

Namba si cheti cha kuzaliwa; nawaambia hivyo wagonjwa kila siku.
Wapika chumvi wamepita hapa mamia,
na kosa moja la herufi huweza kuandikwa na wengi.
Lakini Ntakije akisimama dirishani kunisalimu
natazama masikio yake
muda mrefu kuliko salamu.